Uzi maalumu: Unasoma ufundi wa mitambo ya viwanda Unguja au Pemba? Haya ndiyo ya kushika

Jiliwa (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanauzi. Kila msimu wa kuchukua fomu maswali ni mawili: ufundi wa mitambo ya viwanda ni kitu gani, na utafanya kazi wapi ilhali visiwani viwanda ni vya kuhesabu?

Nianze na la pili. Hesabu vinavyozunguka, usihesabu mabango ya viwanda. Hoteli za pwani zina pampu, jenereta, mashine za kufulia na mitambo ya kuchuja chumvi kwenye maji. Kuna visima vya maji, viwanda vya barafu, mashine za kusaga, kiwanda cha sukari Mahonda, kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) Pemba, mitambo ya bandari Malindi. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari, na ulipokatika kwa miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kila mwenye biashara alijua thamani ya jenereta iliyotunzwa. Vyote hivyo vina beringi, na hakuna beringi ya milele.

Fani yenyewe imekaa katikati ya uchongaji, uchomeaji, umeme wa mota na ufundi bomba. Kwa hiyo ukienda kuulizia kwenye vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali (Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Vitongoji) au Taasisi ya Karume kule Mbweni, usitafute jina moja tu kwenye fomu. Uliza wanafundisha nini ndani ya kozi, saa ngapi ni za karakana, na kama mwanafunzi anapelekwa kazini kwa mafunzo ya vitendo.

Wiki za mwanzo utapewa kipande cha chuma, jiliwa (kifaa cha kukibania) na tupa, uambiwe kitoke bapa na mraba. Wengi huchukia hapa. Jueni sababu: mkono huo huo ndio utakaokuja kupachika kii (kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti zizunguke pamoja) kwenye shafti. Shafti ya mm 42 inachukua kii ya 12 kwa 8. Kii hiyo lazima ibane ubavuni, huku na huku, na juu ibaki na nafasi kidogo. Ikilegea ubavuni, kila mota inapowashwa inagonga, na baada ya muda njia ya kii inapanuka mpaka shafti nzima haifai. Ikigusa juu, inaisukuma puli upande mmoja na puli inacheza. Anayejua kupiga tupa anaondoa sehemu tano za mia za milimita (0.05) pale zinapotakiwa, si pengine.

Baada ya tupa ni kupima. Venia inasoma mpaka mm 0.02, maikromita mm 0.01. Hapa kosa kubwa si kusoma vibaya, ni kupima kitu cha moto. Chuma cha mm 100 kikizidi joto kwa nyuzi 20 kinarefuka kama mm 0.023. Umetoka kuchonga kwenye lezi (mashine ya kuchongea vyuma vya mviringo), umepima, umefurahi. Kikipoa kimepungua na beringi inaingia kwa kidole. Acha kipoe.

BintiVitongoji

Shikamoo mwalimu. Maswali mawili. Vifaa gani mtu anunue mwenyewe kabla ya kuanza, na hesabu ni za kiasi gani? Mdogo wangu hesabu kidato cha nne zimemwangusha na anaogopa.

NatiNaBolti

Dada, asiogope. Hesabu ni chache lakini zinarudi kila siku.

Uwiano wa puli: mota inakwenda mizunguko 1450 kwa dakika, puli yake mm 120, puli kubwa mm 300. Mashine itakwenda 1450 × 120 ÷ 300, yaani 580. Nguvu ya kusokota: 9550 mara kilowati, gawa kwa mizunguko. Mota ya kW 11 kwenye 1450 inatoa kama Nm 72. Spidi ya mota yenyewe: 120 mara hertzi, gawa kwa idadi ya ncha, umeme wetu ni hertzi 50, mota ya ncha 4 inapata 1500, na kibao cha mota kitaandika 1450 au karibu yake kwa sababu mota hubaki nyuma kidogo ikibeba mzigo. Anayeweza kuzidisha na kugawa anaweza haya.

Vifaa: spana 13, 17, 19 na 24, ndizo za bolti M8, M10, M12 na M16. Aongeze 16 na 18, maana bolti nyingi mpya za M10 na M12 zina vichwa hivyo. Alenki 6, 8 na 10. Venia ya mm 150. Fila geji (vibati vya kupimia pengo) ya mm 0.05 mpaka 1.00. Daftari gumu. Basi. Pula (ya kuvutia beringi na puli), spana ya kupima nguvu na dayo geji (saa ya kupimia msogeo mdogo) atazikuta chuoni, na bei yake si ya mwanafunzi. Spana za bei chee zinazopanuka mdomo asinunue hata akipewa nusu bei, zinakula vichwa vya bolti, na bolti iliyolika kichwa na kushika kutu ya chumvi itamchukua siku nzima.

Fyuzi

Kabla hamjafika mbali: kufuli. Mwanafunzi asiguse mashine ambayo hajaifunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo mfukoni mwake, na kibao chenye jina. Kuzima swichi na kumwambia mtu "usiwashe" si kufunga.

Na umeme ukishafungwa bado kuna nguvu iliyojificha: shinikizo ndani ya bomba, springi iliyobanwa, mzigo ulioning'inia, kapasita. Toa hewa, shusha mzigo, subiri kapasita ziishe. Kisha pima kwa mita. Jaribu mita kwenye umeme ulio hai, pima pale unapotaka kufanya kazi, kisha irudishe tena kwenye umeme ulio hai. Mita iliyokufa nayo husoma sifuri.

Makonyo

Kwa walioko Pemba wanaofikiria kazi za mvuke na mafuta ya karafuu, mambo ambayo vitabu vingi havina.

Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Kwenye tangi la kutenganishia yanakaa chini, maji juu, kinyume cha mafuta mengi. Fundi asiyejua hili akibadilisha mabomba ya tangi anaweza kufunga njia ya kutolea kichwa chini, na mafuta yakenda na maji.

La pili, mafuta hayo yanakula mpira wa kawaida. Gasketi ya mpira mweusi inavimba, inalainika, inavuja. Tumia ya Tefloni.

La tatu, boila. Kioo cha maji (kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila) kipulizwe kila zamu, chini na juu, uone maji yanarudi haraka. Yakirudi polepole, njia imeziba na unachokiona kwenye kioo si maji yaliyomo. Na maji yakipotea kabisa kwenye kioo huku moto unawaka: zima moto, USITIE maji. Maji ya baridi yakigusa chuma kilichoungua yanageuka mvuke mara moja, na boila hupasuka hivyo.

KijanaWaWete

Wakubwa zangu salaam. Niko mwaka wa pili, mafunzo ya vitendo, kiwanda cha barafu. Mota kW 11, mizunguko 1455, inaendesha kompresa kwa mikanda mitatu ya saizi B. Beringi ya upande wa puli ni 6309 2Z C3. Inakufa kila baada ya wiki sita hivi. Ya nyuma haina neno. Grisi inatiwa kila asubuhi. Sasa wanataka kununua beringi za bei kubwa zaidi. Nisaidieni niwaambie nini.

Jiliwa

Kijana, umeuliza vizuri na umetoa namba. Beringi ya bei kubwa itakufa vile vile. Kubadilisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuiuliza iliyokufa imekufa kwa nini.

Kwanza jina lake. 09 mara 5 ni tundu la mm 45. Ndivyo inavyokwenda kuanzia 04 kupanda juu. Nje ni 100, upana 25. C3 maana yake uwazi wa ndani ni mkubwa kuliko wa kawaida, kwa sababu mota inapata joto. 2Z ni vifuniko vya bati pande zote mbili. Shika hilo la mwisho, nitalirudia.

Usitupe iliyotoka. Ikate pete ya nje kwa diski, ioshe, iangalie juani:

- Njia ya gololi kwenye pete ya nje iko upande mmoja tu, ule wa kuelekea mikanda, imechimbika na kubanduka: mzigo wa kuvuta umezidi.
- Njia imekwenda mshazari, upande huu iko juu na upande wa pili iko chini: beringi imekaa au imevutwa kombo.
- Vishimo vilivyoachana sawasawa na nafasi ya gololi: ilipigwa nyundo wakati wa kupachika, nguvu ikapita kwenye gololi.
- Mistari ya kahawia kwenye nafasi hizo hizo: maji au unyevu uliingia mashine ikiwa imesimama. Kwa chumvi yetu hii ni ya kawaida.
- Mistari myembamba iliyojipanga kama ubao wa kufulia: umeme unapita ndani ya beringi, hasa mota inayoendeshwa kwa kidhibiti spidi.
- Tundu la ndani limeng'aa na kukwaruzika: pete inazunguka juu ya shafti, ukazo umekwisha.

Dhana yangu, kwa kuwa inakufa ya mbele peke yake, ni mikanda. Na ujue hesabu hii: kwa beringi za gololi, mzigo ukiwa mara mbili, maisha yanabaki moja ya nane. Si nusu. Mkanda uliokazwa "mpaka ulie" unaua beringi kwa namna hiyo.

Pima haya kisha urudi hapa. Moja, urefu wa mkanda kati ya puli na puli, na unabonyea kiasi gani katikati. Kipimo cha kuanzia ni mm 1.6 kwa kila mm 100; nguvu ya kubonyezea iko kwenye jedwali la mtengenezaji wa mkanda. Mbili, vuta kamba nyembamba usoni mwa puli zote mbili: iguse sehemu nne. Tatu, angalia ndani ya mifereji ya puli. Chini ya mfereji mking'aa, mkanda unagusa chini badala ya ubavuni, na hapo hata ukikaza utateleza tu. Nne, mguu mlegevu: weka dayo geji juu ya mguu wa mota, legeza bolti yake moja, soma, kaza, nenda mguu mwingine. Ukipanda zaidi ya mm 0.05 una kazi ya shimu (vibati vya kujazia pengo chini ya mguu).

Puli imekaa umbali gani kutoka begani mwa shafti? Kila inavyosogea nje, beringi ya mbele inabeba zaidi.

Mzeewakaraka

Grisi kila asubuhi ni kosa jingine. Kiasi cha kuongeza: 0.005 × kipenyo cha nje × upana. Hapo ni 0.005 × 100 × 25, gramu 12.5. Tena si kila siku. Kibao cha mota au kitabu chake kinaeleza baada ya saa ngapi. Ikijaa mno, gololi zinaikoroga, inachemka, mafuta yanatoka kwenye sabuni yake (kile kinachoifanya iwe nzito), kilichobaki ni uji mweusi. Ya ziada inaingia kwenye koili.

Bunduki ya grisi ipimwe: piga mara 10 juu ya karatasi, weka kwenye mizani ya jikoni, gawa kwa 10. Na usichanganye grisi ya lithiamu na ya poliyurea, nyingi kati yake zikikutana zinakuwa maji.

Halafu hiyo ni 2Z. Vifuniko viko pande zote mbili, imekuja na grisi yake ya maisha. Hiyo ya kila asubuhi karibu yote haifiki kwenye gololi, inarundikana nje. Ama weka isiyo na vifuniko na utumie chuchu ya grisi kwa mpango, au acha 2Z na bunduki ikae kabatini. Ukichagua isiyo na vifuniko, safisha kwanza njia ya grisi ya zamani kwenye kifuniko cha mota.

PulaTatu

Nyongeza kwenye kupachika. Mimi nasema beringi ichemshwe kwenye sufuria ya oili juu ya jiko la mkaa, inaingia kama pete ya kidoleni.

Jiliwa

PulaTatu ndugu yangu, njia hiyo inafaa kwa masharti, na kwa beringi hii haifai. 2Z au 2RS (yenye vifuniko vya mpira) haitiwi kwenye oili ya moto. Inayeyusha grisi iliyomo na kuingiza uchafu. Kwa isiyo na vifuniko: oili safi, beringi ining'inizwe kwa waya isiguse chini ya sufuria, kipimajoto ndani, nyuzi 110 basi. Ikipita 125 chuma kinaanza kupoteza ugumu wake. Moto wa gesi moja kwa moja kwenye pete, kamwe.

Hesabu yake ni hii. Tundu la mm 45 likipata nyuzi 70 zaidi ya shafti linapanuka kama mm 0.038, na ukazo wa hapo kwa kawaida ni mdogo kuliko huo. Kwa hiyo nyuzi 100 zinatosha, hakuna sababu ya kuiunguza. Hita ya beringi ya umeme ndiyo bora. Ikishaingia, isukume begani na uishikilie mpaka ipoe, maana ikipoa inapungua upana pia na huacha pengo. Ukilazimika kupiga, piga kwa bomba linalokaa kwenye pete ya ndani tu.

Fyuzi

Mkiwa kwenye mota hiyo hiyo, pimeni umeme. Kanuni ya haraka kwa volti 400 ni ampia 2 kwa kilowati, hivyo kW 11 ni kama 22. Kibao ndicho cha kufuata. Pima laini zote tatu. Volti zikipishana kwa 3.5% tu, joto la mota linapanda kwa karibu robo. Laini moja ikikatika mota inaendelea kuzunguka kwa mbili, ampia zake zinapanda karibu mara 1.7, na koili inaungua kama kinga (kifaa kinachokata umeme ampia zikizidi) haikuwekwa sawa.

Na hapo kwenye kinga ndipo wengi wanapokosea. Kwa stata ya nyota na delta (mota inaanza kwa muungano wa nyota kisha inageuzwa delta), kinga ikiwa ndani ya delta inawekwa 0.58 ya ampia za kibao: 22 × 0.58, sawa na 12.8. Ukiiweka 22 huna kinga. Baada ya kurudisha mota, piga mega (mita ya kupimia kama umeme unavuja) kwa volti 500 kati ya koili na bodi. Chini ya megaomu 1, usiwashe, ikaushe.

KijanaWaWete

Nimerudi na vipimo. Urefu wa mkanda mm 600, unabonyea mm 3 tu. Mikanda miwili ya zamani, mmoja mpya. Kamba inagusa sehemu tatu, puli ya mota imetoka nje mm 4. Mifereji miwili chini inang'aa. Mguu wa tatu unapanda 0.18, mingine chini ya 0.05. Beringi nimeikata: njia iko upande wa mikanda, imebanduka, na iko mshazari kidogo. Ampia 19, 19.5, 19.

Jiliwa

Mashaallah, kazi safi. Umeme hauna tatizo. Majibu unayo mkononi.

Kwa mm 600 mkanda ulitakiwa kubonyea kama mm 10, wewe una 3. Wamekaza kwa sababu ulikuwa unateleza, na uliteleza kwa sababu puli imelika. Kisha wakaongeza mkanda mpya kati ya ya zamani. Mpya ni mfupi kidogo, ukabeba karibu mzigo wote. Hizo mm 4 na huo mguu vikaleta mshazari.

Mpangilio: puli mpya kwanza, mikanda mitatu mipya ya seti moja. Shimu kwenye mguu wa tatu. Beringi. Puli mpaka begani, kamba iguse sehemu nne. Legeza mota uvalishe mikanda kwa mkono, usiitie kwa bisibisi, inakata nyuzi za ndani. Kaza mpaka mm 10, endesha nusu saa, funga kufuli, kaza tena. Siku ya pili angalia tena. Bolti za mota M12 daraja la 8.8 zikazwe kwa msalaba, kama Nm 80.

Andika vyote kwenye daftari na tarehe. Na kwa kuwa vipuri vinangoja boti, mwambie msimamizi aweke kabatini seti moja ya mikanda na 6309 moja, ndani ya karatasi yake, ilazwe, isisimamishwe.

KijanaWaWete

Nashukuru sana mwalimu. La mwisho: shimu hatuna. Mafundi wanakata makopo ya soda. Yafaa?

NatiNaBolti

Hapana. Kopo ni alumini laini, unene kama mm 0.1 na lina rangi juu. Linabonyea mota ikitetemeka, na alumini ikikaa na chuma kwenye hewa ya chumvi inaliwa. Baada ya miezi miwili mguu umelegea tena.

Tafuta bati la chuma kisichoshika kutu, 0.05, 0.10 na 0.25. Kwanza kwangua rangi na kutu chini ya mguu, kisha ingiza fila geji kwenye pembe zote nne za mguu. Pengo likiwa sawa pande zote, weka vipande viwili, 0.10 na 0.05. Likiwa kabari, shimu bapa haitibu, utapanga ngazi au mguu ukasawazishwe. Kata umbo la U liingie kwenye bolti na kujaa chini ya mguu mzima, si washa. Ondoa makali kwa tupa laini, maana kingo iliyokatwa kwa mkasi inainuka na kukudanganya sehemu tatu nne za mia za milimita. Kaza, legeza tena ukiwa na dayo, soma.